Sauti Bila Uso



Mwaka 1983 ilitoka filamu ya Star Wars iitwayo Return of the Jedi, ya vita vya angani. Humo yumo rubani msaidizi ambaye si binadamu. Macho yake ni meusi na makubwa, mashavu yamening'inia, masikio yametanuka pembeni. Anaitwa Nien Nunb. Hadithi inatuambia ametoka sayari nyingine na lugha anayosema ni ya huko kwao. Lakini akifungua kinywa, mtu wa Murang'a au Nyeri anashtuka kitini, kwa sababu kiumbe yule anasema Kikuyu, Kikuyu cha kueleweka. Sauti ile ni ya kijana Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa akisoma Marekani wakati huo.

Watengenezaji walitaka lugha ambayo watazamaji wao wasingeitambua, isikike ngeni kupita zote. Wakaipata kwa jirani zetu wa Kenya. Kwao ilikuwa mbinu nzuri ya kazi, na sina sababu ya kuamini kwamba yupo aliyekaa akapanga kumdhalilisha Mkikuyu. Ila nataka mlipime jambo lenyewe. Lugha ambayo mama anambembelezea mtoto pale Nyeri, ukiipeleka mbali kidogo, inakuwa lugha ya viumbe wasio watu.

Nimekuwa nikilifuatilia suala hili kwa muda, na kila ninapochimba nakuta kisa kingine cha namna hiyo. Mwaka 1979 ilitoka Alien, ile muvi ya dubwana linalowamaliza mabaharia wa chombo cha angani mmoja baada ya mwingine. Ndani ya gamba la dubwana alikuwamo Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria aliyekuwa akisomea uchoraji London. Walimtaka kwa urefu wake uliopita mita 2 na kwa wembamba wake. Hakucheza filamu nyingine tena maishani, na katika ile moja uso wake hauonekani hata mara moja.

Predator ya mwaka 1987 mnaijua vizuri, ile ya Anodi msituni. Kundi zima la makomando linaisha, wazungu kwa weusi, anabaki steringi na mwanamke mmoja. Yule mwindaji kutoka angani, mwenye kinyago na nywele zilizosokotwa, alikuwa Kevin Peter Hall, Mmarekani mweusi. Mwishoni kabisa wanamwonesha kwa sekunde chache kwa sura yake mwenyewe, akiwa rubani wa helikopta. Nadhani wengi wetu tumeitazama filamu ile mara nyingi bila kumwona.

Na Darth Vader, adui mkubwa kuliko wote katika Star Wars? Sauti yake, ile nzito iliyotikisa kumbi za sinema kuanzia mwaka 1977, ni ya James Earl Jones, mtu mweusi. Mwili ulikuwa wa Mwingereza mweupe. Siku adui yule anapovuliwa kofia ili tumwone na tumsamehe, uso unaotokea ni wa mzungu mwingine tena. Sauti ya mweusi ilitosha kumtisha mtazamaji, lakini muda wa huruma ulipofika uso wake haukuitwa.

Msidhani haya yaliisha zamani. Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Mwaka uliofuata akaingia Star Wars, na watu wa huku Afrika Mashariki tukafurahi. Tulipokwenda kumtafuta ndani ya filamu tulimkuta kibibi kifupi cha rangi ya machungwa chenye miwani mikubwa, kilichochorwa kwa kompyuta kufuata mienendo ya uso wake. Zoe Saldaña, mwanamke mwingine mweusi, amechezeshwa kwa rangi ya bluu katika Avatar na ya kijani katika Guardians of the Galaxy. Kila moja kati ya kazi hizi ina sababu zake za kisanaa, na waigizaji wenyewe walizifanya kwa heshima. Zikiwekwa pamoja, hata hivyo, zinatoa picha ninayoiona kuwa ya hatari: katika hadithi za kesho mtu mweusi anaruhusiwa kuingia kwa sauti, kwa urefu, kwa misuli, na uso wake anauacha mlangoni.

Yupo aliyeingia na uso wake mapema sana, nami namheshimu mno. Ni Nichelle Nichols. Mwaka 1966 televisheni ya NBC ya Marekani ilianza kuonesha Star Trek, na katika chumba cha uongozi cha chombo kile alikaa Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi aliyevaa sare na kuheshimiwa. Jina lake lilitokana na uhuru, neno lililokuwa midomoni mwa bara zima miaka ile. Kwa mujibu wa hadithi yeye ni Mwafrika, na Kiswahili ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe anayebadili umbo anamjia kwa sura ya mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Fikirini, wakati huo Azimio la Arusha lilikuwa bado. Kiswahili kilikuwa tayari angani, tena kinywani mwa ofisa.

Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha kazi ile arudi kwenye uimbaji na jukwaa. Martin Luther King alikutana naye akamsihi abaki, kwa kuwa kwa mara ya kwanza watoto weusi wa Marekani walikuwa wanamwona mtu wa kwao akitendewa kama mtu, tena akiwa kazini. Akabaki. Miongoni mwa wasichana waliokua wakimtazama alikuwemo Mae Jemison, aliyekuja kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu mwaka 1992. Wanaosema muvi ni muvi tu wamfikirie huyo.

Lakini sisi tulikuwa wapi? Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata moja. Zanzibar ilitangulia miaka ya mwanzo ya 1970, Bara ikasubiri hadi 1994. Lugha yetu ilizungumzwa miaka hiyo yote na sisi hatukuisikia. Na hapa pana jambo linaloniuma zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Roketi ya kweli, setilaiti ya kweli, jina la Kiswahili, pwani ya Waswahili. Ni watoto wangapi wa hapa Mkolani, Mwanza, wamewahi kusimuliwa habari hiyo? Majina ya makomando wa muvi wanayajua yote.

Sasa tusogee nyumbani kabisa.

Mwanza nayo iliwahi kuwa steringi wa filamu. Watu wazima mnaikumbuka, magazeti yetu yaliiita filamu ya mapanki. Ilitengenezwa na Hubert Sauper, raia wa Austria, ikatoka mwaka 2004 kwa jina la Darwin's Nightmare. Ilichukuliwa hapa: uwanja wa ndege, viwanda vya minofu, ufukweni, barabarani usiku. Hadithi yake ni sangara. Samaki yule alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, akawala wenzake, akaleta viwanda na ndege za mizigo za Kirusi. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yanakaangwa na kuliwa na watu wa hapa. Tukaoneshwa watoto wa mitaani, tukaoneshwa wasichana waliojiuza kwa marubani, tukaoneshwa mlinzi wa usiku akiwa na upinde wake. Na swali likarudiwarudiwa: ndege hizi zikija huwa zimebeba nini? Mtazamaji akaachwa na shaka ya silaha.

Filamu ile ilishinda tuzo Ulaya, ikateuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na hapa Mwanza watu waliandamana. Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliandika kuipinga, Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi.

Nitasema ninavyoona. Njaa ilikuwepo. Mapanki yaliliwa, na kuna wazazi wanaonisikiliza sasa hivi waliolelea watoto kwa mapanki wakafika mbali. Watoto wa mitaani walikuwepo na bado wapo. Aliyekasirika kwa sababu tu yameoneshwa, hasira yake ilikosea njia. Ilipaswa kuwaelekea walioyaacha yawepo. Hilo nalisimamia.

Lakini hebu tazameni ule ubishi ulipokwenda. Msanii wa Austria na msomi wa Ufaransa wanashindana juu ya Mwanza, mahakama ya Paris inaamua, magazeti ya Ulaya yanaandika, na mama mkaanga mapanki aliyeoneshwa duniani kote hakuulizwa na yeyote kati yao kama ndivyo ilivyo. Uso wake ulisafiri mbali kuliko yeye atakavyowahi kusafiri, lakini hakupewa nafasi ya kujibu. Wale mabwana wa Star Wars walichukua sauti wakaacha uso. Hapa ulichukuliwa uso. Na mtazamaji wa Paris alitoka ukumbini na Mwanza moja tu kichwani, ya jinamizi. Wanawake wa hapa wanaosomesha watoto kwa dagaa, kwaya zinazofanya mazoezi hadi usiku, vijana waliokuwa wakisomea uandishi wa habari pale Malimbe katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, umbali wa safari fupi ya bodaboda kutoka hapa Mkolani, hawakuingia kwenye ubishi ule wala kwa kutajwa.

Kwa hiyo watu wetu walifanya nini wakati wanachorwa na wengine? Walitafuta maikrofoni. Hapa moyo wangu unafurahi, mniruhusu nikae kidogo.

Wengi wenu mmekulia kwenye muvi za kutafsiriwa. Pale Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, jina lake halisi Derek Gaspar Mukandala, aliyeikuza kazi hiyo nchini hadi kanda zake zikaenea mikoani. Utaratibu huo ulishashamiri Uganda, ambako mafundi kama VJ Jingo wamekuwa mashuhuri kuliko waigizaji wenyewe, na Kenya yuko DJ Afro, ambaye sauti yake inasikika hadi huku kwetu. Kazi ni hii: sauti ya filamu inashushwa, mtafsiri anashika maikrofoni, na kutoka hapo muvi ni yake. Anawapa wahusika majina ya mtaani. Anamwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Pale wazungu walipokaa kimya dakika tatu yeye anajaza kwa wasifu wa mhusika, kwa utani, kwa mawaidha juu ya ndoa. Jenerali wa Marekani anakemea askari wake kwa Kiswahili cha kondakta wa daladala, na benchi zima linaelewa kwamba mkubwa amekasirika.

Wasomi wa Ulaya na Marekani wanaandika vitabu juu ya mashabiki wa filamu, wale wanaokutana kwenye makongamano, wanaojishonea mavazi ya wahusika na kuandika upya hadithi wanazozipenda. Kibanda umiza, kile chumba chetu cha kuoneshea muvi mtaani, ni kongamano la kila siku. Watazamaji wetu hawakai kimya, wanabishana na mtafsiri, wanamkosoa, wanajua ni yupi aliyeitendea haki muvi gani. Kwa miaka mingi hatukuwa na uso wetu kwenye kioo, basi tukaweka sauti yetu juu ya nyuso zao. Ulikuwa ujasiri mkubwa wa watu waliokuwa na deki moja, televisheni moja na spika iliyopasuka.

Televisheni kubwa zimekuja kujifunza kwa watafsiri hao. Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na ilipendwa hadi Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Azam wanatuletea tamthilia za Kituruki kwa Kiswahili fasaha. Waigizaji wa sauti wamepata ajira, na lugha imetukuka. Nawapongeza.

Ila kuna jioni moja hapa Mkolani niliwasikia watoto wakigawana nafasi za mchezo, nani steringi, nani adui. Aliyekuwa mweupe kuliko wenzake alipewa usteringi bila ubishi. Mwenye rangi ya kukolea akaambiwa, wewe huwezi, wewe adui. Naye akakubali, akaenda kujificha nyuma ya mawe asubiri kupigwa. Hakulia. Alikuwa ameshazoea kwamba ndivyo hadithi zinavyogawa, na hilo ndilo lililonikera kuliko kama angelia. Mtoto yule amesikia Kiswahili maisha yake yote kikitoka kwenye nyuso nyeupe, za Kizungu, za Kichina, za Kituruki. Sauti yetu imeshinda. Uso bado.

Februari 2018 upande wa pili wa ziwa hili, Kisumu, ilioneshwa Black Panther siku chache kabla haijaanza kuoneshwa Marekani. Lupita ni wa huko, na baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa gavana. Safari hii alionekana kwa uso wake. Pamoja naye alikuwepo Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani, kichwa kimenyolewa, mkuki mkononi. Wahusika weusi walikuwa na sayansi iliyozidi ya kila taifa, na hawakuomba msamaha kwa yeyote. Filamu ile iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwamba uso mweusi hauuzi.

Niliipenda, na nina dukuduku nayo. Nchi ya kufikirika ya filamu ile ilibuniwa mwaka 1966 na Wamarekani wawili weupe, Stan Lee na Jack Kirby. Ilijengwa studio za Atlanta. Lugha yake ni Kixhosa, mavazi yake yamekusanywa kuanzia Lesotho hadi kwa Wamasai, na mfalme bado anapatikana kwa kupigana mtoni. Ndoto ile ni ya ndugu zetu wa Marekani walionyang'anywa kwao, wanaitafuta Afrika isiyojeruhiwa. Wana haki nayo. Lakini mimi naishi Mwanza, na ninataka kuona kesho ya Mwanza.

Na wale wanaodhani mapambano yalimalizwa na filamu moja, watazame yaliyowapata wenzetu. John Boyega, Mwingereza mwenye wazazi wa Nigeria, alipotokea kwenye tangazo la Star Wars mwishoni mwa 2014 akiwa amevaa sare ya askari, wapo mashabiki waliokuja juu kwamba askari yule hawezi kuwa mweusi. Moses Ingram, mwigizaji mweusi wa Marekani, alimiminiwa matusi ya rangi mwaka 2022 kwa kucheza katika tamthilia ya hadithi hizo hizo. Mtu anakubali samaki anayeendesha chombo cha angani. Anakubali dubwana linalosema Kikuyu. Mtu mweusi akishika upanga wa mwanga, hapo ndipo anasema hadithi imeharibika.

Tusiwanyooshee hao kidole tukasahau nyumba yetu. Washeni televisheni zetu mtazame vichekesho. Mmasai ni mlinzi. Msichana wa kazi ametoka Iringa au Singida. Na Msukuma? Msukuma ni yule aliyeteremka basi leo, haelewi lifti, lafudhi yake nzito inachekesha kabla hajasema la maana. Utani ni mila yetu, Wasukuma tunataniana na makabila mengi na hatununi. Lakini utani una watani wawili, kila mmoja ana zamu yake. Kwenye televisheni zamu ni moja. Watu wa Kanda ya Ziwa ni mamilioni, wamo wahandisi, madaktari, marais, na bado kijana wa Magu anayetaka kuigiza anaambiwa aongeze kidogo lafudhi ili watu wacheke.

Lipo la kutisha zaidi, nalo lilitokea hapa hapa. Ilipofika miaka ya 2007 na 2008, Kanda ya Ziwa ilijulikana duniani kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Chanzo chake ni uganga na tamaa ya mali, filamu hazikuua. Lakini jiulizeni ni lini mlimwona mtu mwenye ualbino kwenye filamu akiwa baba wa familia, mwalimu, steringi. Hollywood imemfanya muuaji, kama yule mtawa wa The Da Vinci Code ya mwaka 2006, aliyeigizwa na mtu asiye na ualbino. Hadithi zetu za mtaani zilimfanya mzimu, zikasema hafi, hupotea. Jamii iliyolishwa picha hizo kwa miaka mingi, zamani kwa masimulizi na sasa kwa video, inapata ugumu kumtambua mtu kuwa mtu anapokuja mwenye panga.

Ndiyo maana naitaja filamu nyingine iliyochukuliwa ziwani, sehemu yake Ukerewe, In the Shadow of the Sun ya mwaka 2012. Aliyeitengeneza ni Mwingereza, Harry Freeland, lakini steringi wake ni Josephat Torner, Mtanzania mwenye ualbino aliyezunguka kwenye vijiji vilivyotokea mauaji akisimama mbele ya watu na kuwauliza ana kwa ana kwa nini wanawaua wenzake. Uso wake na sauti yake vinakwenda pamoja kwenye fremu moja. Anajibu, anauliza, anapanda Kilimanjaro, anachoka, anaendelea. Ukiiweka kando ya ile ya mapanki utaona tofauti bila kuelezwa na mtu. Natamani ioneshwe katika kila shule ya msingi kuanzia hapa hadi Geita.

Haya, tutapata wapi hadithi zetu za kesho? Wapo wanaosema Mwafrika hana mawazo ya namna hiyo, hizo ni ndoto za walioshiba. Si kweli. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi alichapisha Walenisi, riwaya ya Kiswahili inayompeleka mtu kwa chombo hadi sayari yenye jamii iliyopangwa kwa haki. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwenzetu wa ziwa hili hili, aliandika Nagona na Mzingile mwanzoni mwa miaka ya 1990, vitabu ambavyo ukivisoma unajikuta kwenye dunia iliyokwisha na inayotafuta kuanza upya. Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya dunia isiyo na maji, steringi wake ni mwanamke mweusi mtunza makumbusho. Mwaka 2023 Disney ilitoa mkusanyiko wa katuni kumi za Kiafrika za hadithi za kesho, ukaitwa Kizazi Moto. Kenya imo, kwa kazi ya Ng'endo Mukii. Uganda imo, kwa kazi ya Raymond Malinga. Jina la mkusanyiko mzima ni la Kiswahili, na hakuna hata filamu moja ya kutoka Tanzania.

Nalisema hilo kwa uchungu, kwa sababu uwezo tunao. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga, njia hii hii ya kupita Mkolani ukielekea kusini, na hadi alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, alikuwa amelifanya taifa zima liamini kwamba steringi anaweza kuwa kijana wa huku, mwenye uso wake na Kiswahili chake. Umati uliojitokeza kumzika haukuwa umeagizwa na yeyote. Watu walikuwa wanamzika mtu aliyewapa sura.

Na mandhari ya kesho yako mlangoni. Wanaotoka mjini kwenda Kigongo wanapita hapa, wakafike kwenye daraja lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, mahali ambapo zamani tulisubiri kivuko. Ziwa lina magugu, lina sangara anayepungua, lina visiwa vyenye siri. Mtu mwenye kipaji akikaa juu ya mawe haya jioni moja atarudi na hadithi tatu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye vituo vya televisheni na wenye fedha za filamu, nanyi mlioko hapa Mwanza kwanza. Mnatafuta waandishi wa hadithi na mnasema hamwaoni. Nendeni kwenye vibanda. Yule mtafsiri mnayemwona muhuni wa maikrofoni amefanya kazi miaka mingi ya kujua ni wapi mtazamaji anachoka na ni wapi anasimama kwenye benchi. Anajua kumfanya mgeni aeleweke, na amewahi kuziokoa muvi mbovu kuliko mnavyofikiri. Mwiteni, mkalisheni na mwanafunzi wa Malimbe anayejua kamera na kijana anayejua katuni za kompyuta, mwambieni safari hii hakuna muvi ya mtu chini ya sauti yake. Na mtoto aliyekwenda kujificha nyuma ya mawe, mwiteni naye kwenye majaribio, kwa nafasi ya steringi.